Kaimati Hazihitaji Friji

Nimesonya tangu asubuhi, na sitaomba radhi.

Keki iliondoka Lodwar Jumamosi saa sita mchana, nyuma ya Probox, ndani ya boksi la karatasi lililofungwa utepe wa buluu. Kijana mmoja aliipakata njia nzima kama anayepakata mtoto mchanga. Kutoka Lodwar hadi hapa Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, ni kama kilomita 60, lakini jua la saa sita halihesabu kilomita. Boksi lilipofunguliwa uani, jina la binti yetu aliyehitimu uuguzi lilikuwa limeteleza kutoka juu ya keki, limelala kwenye sinia. Krimu ilikuwa maji. Mama mtu alisimama na kisu mkononi, hajui aanzie wapi. Shilingi 6,500 za michango, nyingine zimetoka kwa watu wanaouza samaki mmoja mmoja barabarani.

Ikakatwa hivyo hivyo, picha zikapigwa. Watoto walikuwa wamepanga foleni tangu saa nne, zaidi ya sitini, wameogeshwa na kupakwa mafuta. Wa mbele walipata kipande cha ukubwa wa kiberiti. Wa katikati wakalamba karatasi. Wa nyuma walitazama, wakaambiwa wakacheze.

Wale wa nyuma ndio walioninyima usingizi. Maana hatua ishirini kutoka pale alikaa mama mmoja, kajifunga leso yake nzuri, mikono kaiweka mapajani. Huyo mama huwasha jiko kila siku saa kumi alfajiri. Wavuvi wakitoka majini na wengine wakienda kijiji cha Long'ech, wote wanapita kwake kupata mandazi ya moto na strungi. Kwa miaka mingi amelisha ufuo huu. Alipojitolea kuleta kitu, kamati ya sherehe ilimjibu kwamba vitu vya kibanda havifai siku kubwa kama ile. Nilikuwapo. Nilisikia. Msonyo wangu ulianzia pale.

Kijiwe chetu kipo chini ya mti wa ewoi, karibu na mahali vijana wa boda wanaposubiri abiria. Waturkana wana desturi ya mti wa wanaume tangu zamani za wazee wetu: kila mmoja anakuja na ekicholong chake, kigoda cha kukalia ambacho usiku ni mto wa kulalia, wanapima habari za mifugo, malisho na mahari. Sasa pana pikipiki na redio, lakini kazi ya mti ni ile ile. Jambo likitendeka vibaya mjini, litaletwa hapa lipimwe.

"Mwalimu, kwani keki ina kosa gani?" akaniuliza kijana wa boda. "Hiyo ni ya picha. Mtu akiposti sherehe bila keki, watu watasema nini?"

"Watasema nini wale watoto walioondoka mikono mitupu?" nikamjibu.

Mzee aliyekuwa amelala akainua kichwa kwenye kigoda chake. "Kitu kinachotaka baridi hakikai hapa," akasema. "Waulizeni wale wa kiwanda." Akalala tena.

Wadogo hawakumwelewa, ikabidi tuwaeleze. Lile jengo kubwa la hapa Kalokol lilijengwa kwa fedha za Norwe, miaka ya mwanzo ya 1980. Lilikuwa la kugandisha samaki: ngege na mbuta wa ghuba ya Ferguson wakatwe minofu, wawekwe kwenye barafu, wasafirishwe mbali. Baridi ile ilitaka umeme mwingi mno kuliko faida iliyopatikana kwa samaki, na mashine hazikufanya kazi muda mrefu zikazimwa. Kisha katikati ya miaka hiyo hiyo ziwa likashuka, ghuba yenyewe ikakauka, watu wakatembea kwa miguu pale walipokuwa wakitega nyavu. Jengo likageuzwa ghala la samaki wakavu. Samaki wakavu hawakuhitaji mgeni kuwafundisha njia: chumvi, jua na upepo, kisha lori hadi Kisumu, Busia, na wengine wakavuka hadi Kongo. Siku hizi maji yamerudi kwa kishindo, tangu 2019 na 2020 ziwa limepanda likameza nyumba na kuwahamisha watu. Jengo bado lipo.

Siwabezi waliolijenga. Walikuja na nia, na wapo wazee hapa walioajiriwa kule wakasomesha watoto. Ninachosema ni kwamba joto la hapa linajulikana. Lodwar wastani wa joto ni karibu nyuzi 30 mwaka mzima, na mchana huvuka 35 bila kuuliza mtu. Anayeleta siagi na krimu mahali kama hapa lazima asafiri na friji. Kaimati hazihitaji friji. Unga ule ule, sukari ile ile, joto linakuwa msaidizi wako badala ya kuwa adui.

Nasema kaimati kwa sababu nilijifunza jina hilo Pwani nikiwa chuoni, na midomo yangu imelizoea. Ni vidonge vya unga wa ngano uliochachuka, vinakaangwa kwenye mafuta mengi mpaka viwe vya dhahabu, kisha vinavikwa sukari. Unakula kimoja kwa tonge moja. Na jina lenyewe ndilo linalosema hivyo: limetoka kwa Kiarabu, luqaimat, matonge madogo. Kule Muscat na Dubai hadi leo huwezi kumaliza Ramadhani bila sahani yake. Wapishi wa Baghdad walikuwa na chakula cha namna hii zamani sana. Kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi cha mwaka 1226 kinacho chakula cha ukoo huo, kilichoitwa matonge ya kadhi. Kwa hiyo yule anayesema hiki ni chakula cha kibanda, ajue kwamba kadhi alikila karibu miaka 800 iliyopita.

Lakini elimu yangu ya kweli ya jambo hili niliipata Kakuma, na hapa naomba mnivumilie, maana pale moyo wangu ulipanuka.

Nilifundisha kule miaka kadhaa. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, kuwapokea kwanza wale vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka vitani, na baadaye wakaja wengine: Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi. Mtu anayekimbia hawezi kubeba karai. Anabeba mkono unaojua. Kila mama aliyefika alikuwa na unga wake wa kukaanga kichwani. Mama wa Kongo alikaanga mikate, miviringo laini ambayo huko kwao huuzwa asubuhi mlangoni. Mama wa Sudan akaita ya kwake legeimat, akainywea chai nyekundu. Kwenye soko la Waethiopia palikuwa na bombolino, jina waliloachiwa na Waitaliano. Msomali alikata kackac yake ikawa vipande vidogo vya pembe nne vyenye iliki, vinavyokaa siku nyingi kwenye mkebe bila kuharibika. Na Waturkana waliokuwa wakiuza kuni na makaa pale wakanunua kutoka kwa wote.

Mwaka 2018 watu wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, walitoa utafiti wao kuhusu Kakuma kama soko, wakahesabu zaidi ya biashara 2,000 kambini na mjini. Mimi si mtu wa hesabu kubwa. Ninachokumbuka ni jioni moja, mwanafunzi wangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa mwezi ule. Nilidhani hakutakuwa na sherehe. Saa kumi na mbili jioni wakaja akina mama watano, kila mmoja na sahani iliyofunikwa kitambaa. Matonge madogo ya mataifa matano. Watoto walikula wakashiba, wakabaki wanabishana ya nani tamu zaidi, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Hakuna aliyetaja keki. Niliporudi Kalokol nikaona ile foleni ya watoto wetu, nawezaje kunyamaza?

"Sawa Mwalimu," akasema yule kijana wa boda, na sasa alikuwa ameshuka kwenye pikipiki yake, amechuchumaa karibu. "Basi tuambie zinapikwaje. Dada yangu hukaanga, zinatoka zimenyonya mafuta kama sponji."

Hilo ni swali la mtu mzima, na nililijibu kama nilivyofundishwa.

Chukua pakiti moja ya unga wa ngano, ya kilo mbili. Hamira vijiko viwili vya chakula, visijae. Sukari vijiko vinne, chumvi kidogo, iliki uliyoitwanga mwenyewe. Maji kama lita moja na robo tatu, uongeze au upunguze kidogo, maana uji huu unatakiwa uwe mzito wa kuvutika, usiwe donge la chapati. Pwani wangetia tui la nazi. Sisi nazi hatuna, lakini tuna ngakibuk, maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, ya mbuzi au ngamia. Badilisha theluthi ya maji kwa hayo. Uchachu wake ni rafiki wa hamira, na ladha yake Mombasa hawaijui.

Sasa maji. Usichote ziwani. Ziwa letu lina magadi mengi, ndiyo maana chai yake ina ladha ile, na hamira haipendi magadi. Unga utakaa kama umenuna. Tumia maji ya mvua kama unayo, au ya kisima kitamu. Na uyaguse kwanza. Mtungi wa plastiki ulioshinda juani unaweza kuwa na maji ya moto wa kuua hamira kabla hata hujakoroga. Nimewaona wengi wakilaumu duka kwa hamira mbovu, kumbe jua ndilo lililoiua.

Kila kitabu kinasema subiri saa moja au mbili unga uumuke. Kitabu hicho hakikuandikwa Turkana. Hapa, kivulini, nusu saa inatosha, dakika arobaini ukizidi. Ukienda kupiga gumzo utaukuta umepanda, umeanguka na umekuwa mchungu. Kaa nao. Ukiona mapovu juu yake, upige kwa mkono mara kumi hivi kuutoa pumzi, uuache upande tena kidogo.

Halafu mkono. Chovya mkono wa kushoto majini, chota unga, ukunje ngumi. Unga utachungulia kati ya kidole gumba na cha shahada, mviringo kabisa. Mkono wa kulia una kijiko kilicholowa. Kata, tia kwenye mafuta. Usiogope, kijiko kiwe karibu na mafuta, ukiangusha kutoka juu yatakurukia. Mara ya kwanza zitatoka na mikia kama viluwiluwi. Ikifika mia moja mkono umeshaelewa.

Kuhusu mafuta kunyonywa: ni moto huo, mdogo wangu. Mafuta yakiwa hayajapata moto, unga unalala mle unakunywa. Yakizidi, nje panaungua ndani ni uji. Dondosha tone moja la unga. Likizama likapanda mara moja likiwa limezungukwa na mapovu madogo, anza. Likibaki chini, subiri. Likiwa jeusi kabla hujahesabu kumi, toa makaa mawili. Makaa yetu mengi ni ya mathenge, mti huu ulioletwa kuzuia jangwa na sasa umeziba kingo za mto Turkwel, na moto wake ni mkali. Usijaze jiko. Mafuta yawe kina cha vidole vinne, na usiache kukoroga. Kaimati inayozungushwa inaiva pande zote rangi moja.

Na hapa nisonye tena, kwa nguvu. Mafuta yaliyokaanga samaki yasikaange kaimati! Najua mafuta ni ghali. Najua karai ni moja na ngege ndiyo biashara. Lakini mtoto akiuma tonge la sukari akakutana na harufu ya mbuta wa jana, umemwibia sherehe yake. Kama huna mafuta mapya ya kutosha, kaanga chache. Karai lisuguliwe kwa mchanga na sabuni, likauke kabisa, maana tone la maji ndani ya mafuta ya moto ni kama baruti.

Jambo lingine sitalisema mara moja tu. Nyumba zetu nyingi hapa ufuoni, na zaidi kule Long'ech, ni za makuti ya mikoma. Upepo wa ziwa hauna rafiki. Cheche moja, na ua mzima unakwenda. Jiko la kukaangia likae nje, upande ambao upepo unapeleka cheche kwenye mchanga mtupu, na si kuelekea ukuta wa mtu. Zungusha mabati mawili au mawe makubwa kuzuia upepo, ambayo pia yatazuia mchanga kuingia kwenye mafuta. Weka ndoo ya mchanga karibu. Mafuta yakishika moto usiyamwagie maji, yafunike. Na watoto wakae mbali. Wanavutwa na harufu kuliko nzi, wanasogea hatua kwa hatua bila wewe kuona. Mpe mtu mmoja kazi hiyo tu ya kuwalinda. Nimeona mkono wa mtoto uliochomwa na mafuta, na sitaki kuuona mwingine.

Habari ya sukari ni fupi. Kilo moja na maji nusu lita, ichemke mpaka tone kati ya vidole lifanye uzi. Wapenda shira watazitumbukiza na kuzitoa ziking'aa. Mimi kwa sherehe ya nje nashauri njia nyingine: mimina shira juu ya kaimati kwenye sufuria, endelea kuzigeuza mpaka sukari ikauke iwe nyeupe juu yake kama chumvi ya pwani ya ziwa. Shira ya maji hualika nzi na mchanga, na upepo wetu mnaujua. Kama una unga wa mikoma, ule wanaoutwanga akina ata, bibi zetu, kutoka kwa maganda ya tunda, nyunyiza kidogo mwishoni. Nimejaribu mwenyewe. Ni rangi ya udongo na utamu wenye harufu ya utotoni.

Mzee akafungua jicho moja. "Ngapi zinatoka kwenye pakiti?"

Zaidi ya mia mbili, nikamwambia, ukikata ndogo. Akatulia akihesabu. Watoto sitini, tatu tatu, na bado zinabaki za wazee. Unga umepanda bei, hilo sitalificha. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipotikisa ngano ya dunia, pakiti ya kilo mbili ilivuka shilingi 200, na kila kitu kinachopita Kainuk kuja huku kinaongezewa bei ya barabara. Hata hivyo jumlisha pakiti, sukari, hamira, iliki, makaa na mafuta mapya, hamfiki nusu ya zile 6,500. Na fedha hiyo inabaki hapa, kwa mwenye duka wa Kalokol, kwa muuza makaa, kwa mama wa karai.

"Lakini picha, Mwalimu." Kijana hakuwa ameshawishika bado.

Piga picha ya kilima, nikamwambia. Zipange kwenye sinia la duara, ghorofa kwa ghorofa mpaka juu, umweke binti mwenye shahada nyuma yake. Mama yake apige hatua mbele, achukue ya kileleni, amlishe mbele ya watu. Nani atauliza keki iko wapi? Na kama kuna mtu anayetaka keki kwa moyo wake wote, sikatai, aoke. Wapo akina mama Lodwar wanaooka vizuri kwenye sufuria iliyozungukwa makaa, bila krimu, nayo inafika nzima. Ila isiwe sababu ya kumwambia mwenye ujuzi akae kitako siku ambayo ujuzi wake ndio uliohitajika.

Jana jioni nilikwenda kwake mwenyewe. Nilimkuta akiosha karai. Nilimwambia, "Mama, pole kwa ya Jumamosi." Hakujibu hilo. Nikamwambia kuna sherehe nyingine wiki hii, mtoto wa jirani amerudi nyumbani baada ya kulazwa hospitali miezi miwili, na wazazi wanataka kushukuru. Kamati safari hii ni sisi wa kijiweni. Tunaomba kaimati.

Akapangusa mikono kwenye leso, akauliza swali moja tu: "Watoto wangapi?"

"Themanini, labda na zaidi."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Pakiti mbili. Mafuta mapya, lita nne. Makaa yafike Ijumaa kabla ya giza, sitaki kuhangaika nayo alfajiri. Na mniletee wasichana wawili wenye mikono mepesi, wakate wakati mimi nakoroga."

Nilipoyasema haya chini ya mti leo, kijana wa boda aliinuka, akapangusa vumbi kwenye suruali, akawasha pikipiki. Amekwenda kutafuta makaa. Dada yake atakuwa mmoja wa wale wasichana wawili.